Nondo, nyundo na dira: jinsi ya kupima mkazo unavyobadili usumaku wa chuma

Kuna maswali matatu yananirudia kila muhula. Waulizaji hubadilika, maswali hayabadiliki. La kwanza ni la mwanafunzi: "Mwalimu, bisibisi yangu haijawahi kugusana na sumaku, mbona inanyanyua skrubu?" La pili ni la kijana anayejifunza kusuka mota na transfoma: "Shikamoo fundi. Nimerudisha mizunguko ile ile, waya ule ule, bati zile zile. Mbona sasa inavuma na inavuta umeme mwingi hata bila mzigo?" La tatu ni la mchomeleaji anayelalamika kwamba akifika kwenye ungio la bomba, moto unapeperuka pembeni kana kwamba kuna upepo.

Maswali haya ni ndugu. Chuma kikitiwa mkazo, yaani kikivutwa, kikibanwa, kikisokotwa au kikigongwa, usumaku wake hubadilika. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimechoka, na nimegundua kwamba anayeelezwa husahau, lakini aliyepiga nondo mwenyewe na kuona sindano ya dira ikigeuka hasahau. Kwa hiyo fanya. Utahitaji alasiri moja na vitu ambavyo vingi tayari viko nyumbani.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Ndani ya chuma usumaku umegawanyika katika vikoa, yaani vijisehemu vidogo mno ambavyo kila kimoja ni sumaku kamili. Kwenye nondo iliyotulia vikoa vinaelekea huku na kule, vinafutana, na nje huoni kitu. Mipaka kati ya kikoa na kikoa hunasa kwenye dosari za chuma: chembe za kaboni, mikwaruzo ya ndani, mahali palipokunjwa.

Umewahi kumwona muuza mahindi akijaza debe? Akimimina tu, debe linaonekana limejaa. Akilitingisha, punje zinashuka na nafasi inapatikana. Mtingisho haukuzivuta punje chini, uvutano wa dunia ndio uliozivuta. Kazi ya mtingisho ilikuwa kuzinasua. Nyundo kwenye nondo inafanya kazi hiyo hiyo: inanasua mipaka ya vikoa, na uga wa sumaku wa dunia, ambao ulikuwepo muda wote, ndio unaoipeleka upande wake. William Gilbert, tabibu wa Uingereza, alichapisha mwaka 1600 mchoro wa mhunzi akifua chuma kilicholazwa kaskazini-kusini kikawa sumaku. Jaribio lako leo ni lile lile, tofauti ni kwamba wewe una simu.

Mkazo una kazi ya pili pia. Mwaka 1842 James Joule alionyesha kwamba chuma kikitiwa usumaku kinabadilika urefu, kwa sehemu chache tu katika milioni. (Ndiyo sababu mojawapo kubwa ya transfoma kuvuma. Umeme wa hertz 50 unakifanya kiini chake, yaani zile bati zilizo katikati ya koili, kinyooke na kurudi mara 100 kwa sekunde.) Mwaka 1865 Emilio Villari wa Italia alionyesha upande wa pili wa jambo hilo: ukikivuta au kukibana chuma, usumaku wake unabadilika. Kwa chuma cha kawaida kwenye uga hafifu, kuvuta kunaongeza usumaku na kubana kunapunguza. Uga ukiwa mkubwa, kuvuta nako kunaanza kupunguza. Kwa kazi ya leo hayo yanatosha.

Mahitaji

- Kipande cha nondo ya mm 12, urefu wa mita 1. Fundi yeyote wa ujenzi atakupa mabaki.
- Dira ndogo ya sindano.
- Simu yenye kihisi cha sumaku. Si kila simu ya bei nafuu inacho. Njia rahisi ya kujua ni kuweka programu ya phyphox, ambayo ni ya bure na imetengenezwa katika chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ikikuonyesha namba za sumaku katika pande tatu, X, Y na Z, simu yako inafaa.
- Nyundo ya nusu kilo hadi kilo moja.
- Meza ya mbao, matofali mawili ya udongo, chaki, rula, utepe wa kubandikia, rangi kidogo, daftari.
- Ndoo ya plastiki ya lita 10 na kamba ya katani.
- Miwani ya kukinga macho. Hii si ya hiari.

Kabla ya kuanza, ondoa kila sumaku karibu: spika, mlango wa friji, kasha la simu lenye kifungo cha sumaku. Nondo ikigusana na sumaku ya spika hata mara moja, umeharibu jaribio kabla hujalianza. Halafu usigonge tupa, kekee wala patasi kwa nyundo ukidhani itafanya kazi ya nondo. Vyuma hivyo vimefanywa vigumu makusudi, na vikigongwa hurusha vipande. Jicho halina spea.

Mahali pa kufanyia

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma taratibu. Mara ya kwanza nilifanya jaribio hili darasani, ghorofa ya kwanza, mbele ya wanafunzi 40. Dira ilielekea mlangoni. Nikahama hatua mbili, ikaelekea ubaoni. Sakafu ya zege ina nondo ndani yake, na meza zenyewe zilikuwa na miguu ya chuma. Darasa lilicheka, nami nikacheka nao, sikuwa na la kufanya.

Nenda nje, chini ya mti, kwenye udongo. Kaa mbali na gari, geti, tangi la chuma na nguzo za umeme. Tembea na dira hatua tano kila upande. Sindano ikibaki imeelekea pale pale, mahali pamefaa.

Hatua za kazi

Kuna kanuni moja ya kushika kabla hujagusa nyundo: *pima ukiwa mashariki-magharibi, gonga ukiwa kaskazini-kusini.* Nondo ikilala mashariki-magharibi, uga wa dunia unaipiga ubavuni na hauingii katika urefu wake. Kwa hiyo unachokisoma ni kile nondo ilichobaki nacho yenyewe, si kile dunia inachokiazima kwa muda. Ukipima huku nondo imeelekea kaskazini utachanganya vitu viwili na hutajua kipi ni kipi.

1. Chora msalaba. Weka dira mezani, subiri sindano itulie, chora kwa chaki mstari wa kaskazini-kusini. Chora mwingine unaoukata kwa pembe mraba. Huo ndio mstari wa mashariki-magharibi.

2. Tafuta kihisi cha simu kilipo. Fungua phyphox upande wa sumaku, kisha pitisha msumari mdogo juu ya mgongo wa simu polepole. Mahali namba zinaporuka zaidi ndipo kihisi kilipo. Mara nyingi kiko juu, karibu na kona. Tia alama kwa utepe.

3. Funga simu mezani. Ilaze kwenye mstari wa mashariki-magharibi, kichwa chake kikielekea mashariki, uibandike isisogee. Soma namba ya Y, ile inayofuata urefu wa simu. Kwa kuwa simu imelala kukata kaskazini, namba hiyo inapaswa kuwa karibu na sifuri. Igeuze kidogo kidogo mpaka ikaribie sifuri, na hapo umeirekebisha vizuri kuliko kwa macho. Andika namba iliyobaki.

4. Tia alama nondo. Ncha moja paka rangi, iite A. Nyingine ni B. Usidharau hatua hii. Baada ya kugonga mara 30 na kuigeuza mara sita, hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa ipi.

5. Weka kituo cha kupimia. Mbele ya kichwa cha simu, kwenye mstari ule ule, chora alama sm 5 kutoka kwenye kihisi. Kila mara utakapopima, ncha A itafika kwenye alama hiyo na nondo itanyooka juu ya mstari. Milimita mbili za tofauti zinaonekana kwenye namba, kwa hiyo weka kijiti cha kuzuia nondo isipite.

6. Futa usumaku wa zamani. Nondo ya dukani haiji ikiwa safi. Imevutwa kiwandani, imetupwa kutoka kwenye lori, imekatwa. Ilaze mashariki-magharibi juu ya udongo, gonga ncha zote na ubavu mara 20 au 30 huku ukiizungusha. Pima. Rudia mpaka namba isishuke tena. Haitafika sifuri kamili, na si lazima. Andika: huo ndio mwanzo wako.

7. Jaribu bila kugonga. Ilaze kaskazini-kusini, A ikielekea kaskazini, dakika moja, usiiguse. Irudishe kituoni kwa upole, pima. Namba itasogea kidogo sana au haitasogea kabisa. Usiiruke hatua hii kwa sababu haina msisimko. Bila hiyo, mtu akikuuliza utajuaje kwamba ni nyundo na si ule muda wa kulala kaskazini, huna jibu.

8. Gonga mara moja. Rudisha nondo kaskazini-kusini, A kaskazini, igonge ncha B pigo moja thabiti kama unayepigilia msumari. Pima. Rudisha, gonga tena. Pima baada ya pigo la 1, la 2, la 5, la 10 na la 20. Andika kila namba papo hapo.

Utaona mapigo machache ya kwanza yanafanya sehemu kubwa ya kazi, kisha namba inaanza kukataa kupanda. Punje zimeshashuka, debe limejaa. Kwa nondo ya unene huu tarajia tofauti ya mikrotesla (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) kadhaa hadi makumi, na simu inaziona bila shida. Ukiwa na dira tu, sogeza ncha A karibu na dira: sasa itaisukuma ncha ya kaskazini ya sindano, kwa sababu A imekuwa nguzo ya kaskazini.

Kuhusu kuinamisha, vitabu vingi vya fizikia vimeandikwa Ulaya na vinakuambia uishushe ncha ya kaskazini, kwa kuwa kule uga wa dunia unaingia ardhini kuelekea kaskazini. Kwetu, kusini mwa ikweta ya sumaku (mstari ambako uga wa dunia umelala bapa), uga unapanda. Ukiwa Dar es Salaam, *inua* ncha ya kaskazini, kiasi cha digrii 30 na kitu. Nairobi ni 20 na kitu, na faida yake ni ndogo hata ukiilaza bapa utapata matokeo. Jua pia kwamba uga wetu ni hafifu, mikrotesla 30 na kitu, wakati London ni karibu 50. Ukilinganisha namba zako na za video ya Mzungu ukakuta zako ndogo, hujakosea.

9. Igeuze. Sasa A ielekee kusini. Gonga B, ambayo iko kaskazini, au A, haijalishi. Pima baada ya pigo la 1, 2, 5, 10. Namba itashuka, itapita sifuri, itageuka alama. Hapa ndipo wanafunzi wangu hunyamaza. Nyundo ile ile, mkono ule ule, nondo ile ile, matokeo kinyume. Nyundo haina upande. Dunia ndiyo yenye upande.

10. Mkazo bila kishindo. Ili usidhani ni mshtuko tu, futa tena kama hatua ya 6. Weka matofali mawili kwa umbali wa sm 90 kwenye mstari wa kaskazini-kusini, yakiwa yameinuliwa juu ya mbao kiasi cha ndoo kutogusa chini, laza nondo juu yake, A kaskazini. Katikati ning'iniza kwa kamba ndoo yenye lita 10 za maji. Ishushe polepole, kwa sababu ukiiachia ghafla umegonga. Iondoe polepole pia. Pima. Kisha ning'iniza na kuondoa mara 5, pima tena.

Lita 10 zinaleta mkazo wa takriban niutoni 130 kwa kila milimita mraba katikati ya nondo: upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Nondo ya ujenzi inaubeba bila kupinda moja kwa moja. Inarudi imenyooka kama ilivyokuwa, ungeapa hakuna kilichotokea, lakini namba imesogea. Mabadiliko ni madogo kuliko ya nyundo, kwa hiyo kituo cha kupimia kisiwe kimetikisika. Na usisahau mkono wa ndoo ni waya wa chuma. Ndoo iwe mbali unapopima.

Ukimaliza, tembea mpaka kwenye geti lolote la chuma ambalo hubamizwa kila siku. Pandisha dira kando ya nguzo yake, kutoka chini kwenda juu. Chini, nguzo itaivuta ncha ya kaskazini ya sindano. Ukifika juu, itaivuta ile ya kusini. Nguzo imesimama katika uga unaopanda, na miaka ya kubamizwa imefanya kazi ya nyundo yako. Bisibisi ya yule mwanafunzi nayo ni hivyo hivyo: imekandamizwa, imesokotwa, imeanguka sakafuni mara mia.

Kwa wanaosuka transfoma

Kwenye kiini cha transfoma hadithi inabadilika. Huku hatuhitaji kitu cha kunasua vikoa, kwa kuwa koili yenyewe inavigeuza huku na huku mara 50 kwa sekunde. Tunachotaka ni mipaka iteleze kirahisi. Bati za kiini ni chuma chenye silikoni, kwa kawaida hadi asilimia 3 hivi, unene wa mm 0.35 au 0.5. Kiwandani zimeokwa ili ziwe laini kwa ndani. Ukiikunja bati mpaka ibaki imekunjika, umejaza dosari ndani yake, na kila dosari ni kigingi cha kunasia mipaka. Kila mzunguko wa umeme unalipia vigingi hivyo kwa joto, na ampea za bila mzigo zinapanda.

1. Pima kabla hujafungua. Kama transfoma bado inafanya kazi, pima volti za kuingilia na ampea bila mzigo, andika ukutani ukitaka. Balbu iliyofungwa kwa mfululizo itangulie: ikiwaka kwa nguvu kuna shoti, simama hapo. Umeme wa gridi unaua. Kama hujazoea kuupima, fanya na aliyezoea.

2. Fungua kwa subira. Piga picha mpangilio wa bati. Vanishi ikizishika, ilainishe kwa thina au joto la wastani, kisha penyeza kisu chembamba cha mbao au plastiki. Bati mbili za kwanza ndizo ngumu. Kijana mwenye haraka huchukua bisibisi na nyundo hapa, na hapa ndipo transfoma inapoanza kuharibika.

3. Chambua. Bati iliyokunjika, itoe. Najua utataka kuinyoosha juu ya fuawe. Kuinyoosha ni kuikunja mara ya pili: kwa nje imenyooka, kwa ndani dosari zimeongezeka. Tafuta nyingine kutoka kwenye kiini cha aina ile ile.

4. Usikate usipolazimika. Mkasi au gilotini huumiza ukingo, na jeraha linaingia milimita kadhaa ndani. Kwenye bati pana hutaona tofauti. Kwenye kipande chenye upana wa sm 1, karibu bati nzima imekuwa ukingo.

5. Usitupe bati kwenye moto wa mkaa. Kuna mtu huwaambia vijana kwamba kuchoma kunarudisha ulaini. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ya hatari. Viwandani bati hurudishiwa ulaini kwa nyuzi 750 hadi 850 za Selsiasi, ndani ya tanuru lenye gesi ya naitrojeni, na kupoozwa polepole. Mkaa hauna kipimo, hewa inaingia, kutu inaota, na ile ngozi nyembamba inayotenganisha bati na bati inaungua. Ngozi ikishaungua umeme unazunguka kutoka bati hadi bati, na hasara yake inazidi ile ya mkazo uliyotaka kuondoa. Stata ya mota, ile sehemu isiyozunguka, nayo ni hivyo: wenye oveni huchomea vilima vya zamani kwa joto linalodhibitiwa la nyuzi 360 au 370, si kwa tairi na petroli.

6. Panga, funga, pima. Zipishanishe kama zilivyokuwa. Ziba mianya kwa kugonga ukingo taratibu kwa nyundo ya mbao au mpira. Kaza bolti mpaka bati zisipigepige, basi. Pima tena kwa volti zile zile.

Namba ikipanda kidogo, usilie, hilo hutokea kwa kila mtu. Ikipanda maradufu, usikimbilie kulaumu mkazo. Mara nyingi kosa ni mwanya kati ya bati zenye umbo la E na zile za umbo la I, bati zilizobaki mezani, au mizunguko uliyoihesabu ukiongea na simu. Mkazo ni mtuhumiwa wa nne. Isipokuwa viini vya duara vilivyoviringishwa kutoka ukanda mmoja: hivyo ni vyepesi kudhurika, na ukikiangusha kimoja sakafuni, kipime kabla ya kukisukia.

Wapo wanaobana transfoma ndogo kwenye jiliwa ili "kuona Villari", kisha wananiambia ampea zimeshuka badala ya kupanda. Bila shaka zimeshuka. Jiliwa limefunga mianya ya maungio, na faida ya mwanya kufungwa imefunika hasara ya mkazo. Njia hiyo haikuonyeshi unachokitafuta. Rudi kwenye nondo.

Mambo yakikwama

*Namba ya simu inacheza hata bila nondo.* Chora namba 8 hewani na simu mara kadhaa kisha uifunge upya. Kama bado inacheza, angalia saa yako ya mkononi, pete, funguo mfukoni, na pikipiki inayopita barabarani. Baadhi ya simu hujisahihisha zenyewe katikati ya kazi na namba inaruka ghafla. Kama programu inakupa chaguo la namba zisizosahihishwa, chagua hilo.

*Nimegonga mara 20, hakuna badiliko.* Maswali ni manne. Uligonga ikiwa kaskazini-kusini kweli, au mtu aligeuza meza? Nondo iligusana na sumaku hapo awali? Ikiwa imeshiba usumaku, kishindo kitaupunguza badala ya kuuongeza. Nyundo ni nyepesi mno? Na je, uliilaza kwenye godoro la mchanga linalomeza kila pigo?

*Usumaku haufutiki hata nikigonga mashariki-magharibi.* Sumaku kali imepita hapo. Tumia koili ya umeme wa AC (unaogeuka upande huku na huku) wa volti ndogo, 12 au 24 kutoka kwenye transfoma. Pitisha nondo katikati ya koili, kisha ivute nje polepole mpaka mita moja *huku umeme ukiwaka*. Ukizima umeme nondo ikiwa ndani, unaweza kuiacha na usumaku mwingi kuliko mwanzo, na hilo ndilo kosa wanalofanya karibu wote mara ya kwanza. Koili ikianza kuwa moto, pumzika.

*Dira inaonyesha kusini.* Sindano za dira za bei rahisi hugeuzwa na sumaku kali. Ilinganishe na mahali jua lilipochomoza asubuhi. Imegeuka? Soma kinyume, au igeuze kwa kuisogezea sumaku mara moja kwa makusudi, mbali na nondo.

*Moto wa kuchomelea unapeperuka.* Bomba lina usumaku uliobaki, ama kutokana na winchi ya sumaku, ama na kugongwa na kuviringishwa. Kama mashine yako inaruhusu, hamia AC. Kama ni DC tu (umeme wa upande mmoja), zungusha waya wa kuchomelea wenyewe mara kadhaa kwenye bomba karibu na ungio, jaribu, na ukiona imezidi, zungusha kwa upande mwingine. Pima kwa dira kabla na baada. Kubadili mahali pa klampu ya ethi nako husaidia mara kwa mara.

*Kijiko cha stenlesi hakishiki sumaku, lakini kwenye shingo kinashika.* Hili si kosa, na si mkazo ule tuliopima. Stenlesi nyingi za jikoni hazina usumaku zikiwa zimetulia. Zikikunjwa au kufinyangwa baridi, sehemu ya chuma hubadili mpangilio wa atomu zake na kuwa aina yenye usumaku. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye sinki: bapa inateleza, kwenye kona zilizovutwa na mashine inanata. Usipoteze alasiri kujaribu kuifuta kwa nyundo, hapo utaiongeza.